Waliozaliwa Tarehe Moja Januari

Keki ya mwaka huu ilikuwa na majina mawili, na hapo ndipo wivu wa Déo ulipoota meno.

Kwa miaka minne Aurore alikuwa akimletea keki kanisani, Jumapili ya kwanza ya Januari. Keki ya ndizi mbivu, si kubwa, juu imepakwa sukari nyeupe, na kwa sukari ya buluu limeandikwa jina lake tu: Déo. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na minne, mpakiaji wa mikate kiwandani, katibu wa kanisa, hana mke wala mtoto, na mwaka mzima aliishi akizingoja herufi tatu hizo. Sasa, Januari ya 2012, keki ilikuja kubwa zaidi, na juu yake imeandikwa: Déo na Willy. Watu wakapiga makofi. Déo naye akapiga, akapewa kipande, akakitafuna muda mrefu kuliko kipande cha keki kinavyostahili kutafunwa.

"Mbona huli, kaka Déo?" Aurore akamwuliza. "Sukari haitoshi?"

"Inatosha," akasema. "Inatosha hata watu wawili."

Aurore akacheka akidhani ni utani.

Mgeni akiingia katika kanisa lile Jumapili ya kwanza ya mwaka, hushangaa. Ni kanisa la Warundi na Wakongo, limepanga ukumbi wa chini wa jengo kuukuu kwenye barabara ya Weston, na nusu ya waumini wake wamezaliwa tarehe moja Januari. Si muujiza. Kambini, mkimbizi akiulizwa tarehe ya kuzaliwa akasema "wakati wa kupanda maharagwe", karani huandika moja Januari ili mstari usonge. Kanada ikazipokea tarehe hizo kama zilivyo, ikazipiga chapa kwenye leseni, kadi za afya na pasipoti. Basi kanisa nalo likaona lisilie, likafanya sherehe: wa Januari husimama mbele wote pamoja, huimbiwa, na Mama Libérata, kikongwe wa jikoni, huwapikia pilau.

Na kama kuna mtu aliyepaswa kuijua siri ya tarehe hizo, ni Déo, kwa maana alikuwa karani mwenyewe. Miaka ile Kigoma alikalia meza ya kuandikisha watu, kalamu mkononi, jua utosini. Mama yake alikufa kabla hajamwambia siku aliyozaliwa, hivyo hata yeye alijiandikia: tarehe moja Januari, 1968.

Willy Byamungu alifika Toronto mwezi wa Oktoba, miezi mitatu kabla ya keki ile, akitokea Winnipeg, na gitaa begani. Mkongo wa Uvira, mrefu, mwenye kucheka kabla hujamaliza kusema. Siku ya kwanza kanisani alimkazia macho Déo, halafu akamkumbatia mbele za watu, akimwita kaka mkubwa kwa mtindo wa Kikongo.

"Grand! Si ni weye uliniandika kule kambini? Nilikuambia mama alisema nilizaliwa siku ya Assomption, kumi na tano ya mwezi wa nane. Weye ukasema mstari ni murefu, tuko rika moja, kamata tarehe yangu tu tuende!"

Ukumbi mzima uliangua kicheko, na Aurore alicheka kuliko wote, mpaka akashika ukuta. Déo hakumkumbuka Willy hata kidogo, kwani aliandika mamia. Ila kicheko kile cha Aurore alikikumbuka siku nyingi baadaye, kwa sababu katika miaka minne ya kumbebea kochi, kumtengenezea bomba na kumjazia fomu za uraia, hakuwahi kumchekesha namna ile hata mara moja.

Tuseme ukweli, Déo hakuwahi kumwambia Aurore neno. Aurore alikuwa mjane, mtunza wazee katika nyumba ya wazee huko North York, mama wa binti wa miaka kumi aitwaye Ornella. Kila Jumapili Déo aliwapitia kwa gari lake, Aurore mbele, Ornella nyuma. Alikuwa akingoja. Kwanza alingoja Aurore apate uraia, kisha baridi iishe, kisha mtoto azoee. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, alijiambia. Methali nzuri, lakini walioitunga waliweka na nyingine ambayo hakuipenda: chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Maana Willy naye alihamia jengo lilelile la Aurore, akaomba lifti ya kwenda kanisani. Jumapili ya kwanza tu Aurore akasema, "Willy akae mbele, ana miguu mirefu," akaenda kuketi nyuma na mwanawe. Njia nzima waliongea, Willy amegeuza shingo, Aurore ameegemea mbele, na dereva katikati yao akitazama barabara. Kwenye kioo Déo aliona kwamba Aurore amevaa hereni. Hakuwahi kuvaa hereni kwa ajili ya safari ile.

Mwezi wa Februari mchungaji alitangaza kwamba Willy atawafundisha watoto gitaa kila Jumamosi. Ila kuna sheria, na Déo ndiye aliyekuwa mlinzi wake: yeyote anayeshughulika na watoto kanisani lazima alete karatasi ya polisi, inayoonyesha kuwa hana rekodi ya uhalifu. Mtu hujaza fomu, katibu huituma, na majibu huenda kwa barua nyumbani kwa mwenyewe. Déo alijaza fomu za wote, kwa mwandiko wake wa karani. Alipofika kwenye tarehe ya kuzaliwa ya Willy mkono ulikuwa mzito. Tarehe moja Januari, 1968. Hata siku yangu ya kuzaliwa anayo, akawaza, tena niliyempa ni mimi.

"Na wewe pia, katibu," mchungaji akamkumbusha. "Unawabeba watoto kwenye gari."

Déo alijaza ya kwake mwisho, akaituma wiki tatu baada ya zile nyingine. Karatasi ya mtu safi haina haraka.

Majibu yakaanza kurudi. Ya Mama Libérata, ya walimu wa watoto, ya mchungaji, yote safi. Ya Willy hayakurudi. Jumamosi moja ya Machi, saa nane mchana, Willy akagonga mlango wa Déo na bahasha mkononi.

"Grand, nisomee hii. Kingereza yangu inaishia ku salamu."

Déo akakaa mezani akasoma. Sentensi ya kwanza aliisoma mara tatu. Ilisema kwamba jinsia na tarehe ya kuzaliwa ya mwombaji zinafanana na za mtu aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa la kijinsia, akapewa msamaha, na kwamba mwombaji anatakiwa kwenda kuchukuliwa alama za vidole. Chini yake palikuwa na aya nyingine: barua hii haina maana kwamba una rekodi ya uhalifu, alama za vidole ni za kuthibitisha kuwa wewe si mtu huyo. Hii aliisoma mara moja, upesi, na macho yake hayakurudi tena huko.

"Banasema nini?"

"Wanataka alama za vidole."

"Juu ya nini?"

"Hawasemi," akasema Déo. Uongo ukamtoka laini, hata yeye akaushangaa.

Willy akainua mikono yake miwili. "Vidole tu? Niko navyo kumi. Merci, grand."

"Niachie barua mpaka kesho nitoe kopi ya faili."

Kwa nini alisema hivyo hakujua, au alijua. Alipobaki peke yake aliiweka barua mbele yake, akahisi raha mbaya ikimpanda kutoka tumboni. Kumbe! Gitaa, kicheko, miguu mirefu, na kumbe! Alikuwa na hakika kwa sababu alitaka kuwa na hakika. Aliyeandika tarehe ile kwa mamia ya wanaume, akaiandika na ya kwake, hakujiuliza hata dakika moja ni wanaume wangapi duniani wanafanana na barua ile. Wivu ukishakaa kichwani haukubali hesabu nyepesi hivyo.

Lakini Déo alikuwa karani, na karani anataka faili. Jumatatu baada ya kazi alikwenda maktaba, akaketi kwenye kompyuta, akatafuta namna ya kupata rekodi za watu waliokamatwa. Ikatokea tovuti ya Kimarekani yenye picha ya pingu. Akaandika jina la Willy. Kigurudumu kikazunguka, maandishi mekundu yakamwambia ajiandae kwa habari za kushtua, akatoa kadi yake ya benki akalipa bila kufikiri. Habari yenyewe ilimhusu mzee mmoja wa Florida, mwenye jina lililokaribiana kidogo tu na la Willy, ana miaka sabini na moja, alikamatwa kwa kuvua samaki bila kibali. Picha yake ilikuwa ya mzungu. Na bado Déo aliitazama picha ile kitambo, akitafuta.

Siku ya mapumziko yake akaenda mahakamani, ile ya barabara ya Finch. Aliwahi kusikia kwamba kule mtu anaweza kuuliza kesi za mwingine kwa jina. Akapita kwenye mashine ya kukagua mifuko, akapanga foleni kwenye dirisha la kumbukumbu. Nyuma ya kioo alikaa mama wa makamo, Mhindi, kibandiko kifuani kimeandikwa Shafina. Déo akaanza kujieleza kwa Kiingereza chake cha fomu. Yule mama akainamisha kichwa kidogo akisikiliza.

"Unatoka Kigoma wewe, au nakosea?" akamwuliza kwa Kiswahili safi.

Déo akaduwaa. "Nimekaa Kigoma. Mimi ni Mrundi."

"Baba yangu alikuwa na duka la vitambaa pale karibu na stesheni. Haya, kaka, unatafuta nini?"

Aibu ikamshika, maana kwa Kiingereza jambo lile lilionekana kazi ya ofisi, kwa Kiswahili likawa umbeya. Hata hivyo akasema. Kuna mtu kanisani, na yeye Déo anataka kujua kama mtu huyo aliwahi kukamatwa.

"Nikueleze inavyokwenda," akasema Shafina. "Hapa naweza kukutazamia kesi zilizofunguliwa mahakama hii, kwa jina na tarehe ya kuzaliwa. Za mji mwingine sizioni, utaenda huko. Rekodi ya polisi, nani alikamatwa lini, hiyo haonyeshwi jirani. Anaiomba mwenyewe, kwa sahihi yake, na barua inakwenda kwake. Na zile tovuti za Marekani usizitupie hela."

"Nimeshatupa," akasema Déo.

Shafina akatabasamu. "Jina?"

Akalitaja.

"Tarehe ya kuzaliwa?"

"Moja Januari, sitini na nane." Ilimtoka bila kutazama karatasi.

"Umeishika kweli kichwani," akasema Shafina, vidole vikienda kwenye kibodi. Akasoma kioo cha kompyuta, macho yakipanda na kushuka. "Hakuna. Mtu huyu hapa hana kitu."

"Je, kama alisamehewa? Kama walifunika?"

Yule mama akaacha kibodi, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Kaka, mimi nimekaa dirisha hili miaka kumi na tano. Wanakuja wake wanaotafuta waume zao, wenye nyumba wanaotafuta wapangaji. Wengi nikiwaambia hakuna, wanashukuru Mungu. Wewe umekasirika."

Nyuma yake mtu akakohoa. Déo akaondoka, na kwenye gari, njiani kurudi, alijishindia kesi mwenyewe: hakuna maana yake imefichwa, na iliyofichwa ndiyo mbaya zaidi. Akafikiria Ornella, akajiambia kwamba anayafanya haya kwa ajili ya mtoto. Hiyo ndiyo sababu nzuri aliyoipata, akaivaa, ikamkaa vizuri kabisa.

Jioni ileile aliingia ofisi ya kanisa, akawasha mashine ya kutolea kopi. Barua ya Willy alikwishamrudishia, lakini kopi ya faili ilikuwa yake. Akailaza juu ya kioo. Halafu akachukua karatasi nyeupe, akaifunika nusu ya chini ya barua, taratibu, pembe kwa pembe, akabonyeza. Kopi ikatoka na sentensi ya kwanza tu, na chini yake weupe mtupu. Mikono yake ilikuwa imezoea karatasi.

Alimwambia Aurore jikoni kwake, Ornella akiwa shuleni. Hakutia chumvi, hakuhitaji. Aliiweka kopi mezani, akasema, "Dada Aurore, mimi kama katibu sipaswi kukuonyesha hii. Nakuonyesha kwa sababu ya mtoto."

Aurore akasoma. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko cha Déo. Akarudia kusoma, mkono wake ukaenda shingoni, na uso wake ukazimika hivi hivi Déo akiutazama. Kwa miezi miwili Willy alikuwa akimfundisha Ornella gitaa hapohapo, kwenye meza ile, Aurore akipika pembeni. Kwenye kiti kulikuwa na kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi. Aurore akakiokota, akakishika, hakujua akiweke wapi.

"Yeye anajua nimejua?"

"Hapana. Usimwambie. Kaa mbali tu."

"Asante, kaka Déo," akasema Aurore kwa sauti ndogo, na Déo akashuka ngazi akiwa na furaha iliyomfanya asahau kofia.

Willy alipanda na gitaa lake siku ya mafunzo, akagonga, mlango haukufunguliwa. Akapiga simu, haikupokelewa. Jumapili hakupata lifti, akaja kwa basi, akamsogelea Déo kwenye ngazi za ukumbi akiwa hachekicheki.

"Grand, Aurore ana nini? Nimemukosea?"

"Wanawake," akasema Déo, akampiga bega.

Jumapili tatu Aurore alikaa tena kiti cha mbele. Déo alikuwa amekipata kiti chake, lakini mwenye kukikalia alitazama theluji chafu pembeni mwa barabara mpaka wanafika. Hereni hakuvaa. Nyuma Ornella alimwuliza mama yake, kwa Kiingereza, lini wataendelea na gitaa, na mama yake akamjibu kwa Kirundi anyamaze. Yatapita, Déo alijipa moyo. Jumapili baada ya Pasaka nitasema neno langu. Akanunua shati.

Ijumaa kabla ya Jumapili hiyo alikuta bahasha kwenye sanduku lake la barua. Aliijua kabla ya kuifungua. Akaisoma palepale kwenye korido, koti halijavuliwa. Jinsia yako na tarehe yako ya kuzaliwa. Mtu aliyewahi kutiwa hatiani. Alama za vidole. Maneno yaleyale, mpangilio uleule, ila jina juu lilikuwa lake. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: safari hii aliruka sentensi ya kwanza, akaikimbilia aya ya pili, akaisoma kwa midomo, neno kwa neno. Barua hii haina maana kwamba una rekodi ya uhalifu. Haina maana! Akairudia mpaka ikamtuliza, na ilipomtuliza ndipo ikamchoma, kwa sababu alijua aya hiyohiyo aliifunika kwa karatasi nyeupe kwa mikono yake.

Angeweza kusema siku hiyo. Badala yake aliikunja barua, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, akapanga upya mambo yake: atamposa Aurore kesho, kabla ya vidole, kabla ya mtu yeyote kujua. Na Aurore, kana kwamba amesikia, akapiga simu mwenyewe.

"Kaka Déo, kesho njoo nyumbani mchana."

Déo akaenda na shati jipya na boksi la chokoleti. Mlango ukafunguliwa upesi. Mezani hapakuwa na chai. Palikuwa na karatasi mbili, zimewekwa pamoja: nusu kopi aliyoileta yeye, na barua ya Willy, nzima.

"Keti," akasema Aurore.

Akaketi, chokoleti magotini.

"Jana nilimfungulia mlango. Wiki tatu nimekaa na mambo haya kifuani, nikasema hapana, nitamwuliza usoni, mtu hahukumiwi bila kusikilizwa. Nikamwambia, Willy, nimeiona barua yako. Unajua alifanya nini? Alikwenda kuileta. Akasema, nisomee, Déo aliniambia hawakusema sababu." Akaweka kidole kwenye kopi. "Maneno ni yaleyale mpaka hapa. Hapa chini, huu weupe, nani aliuweka?"

"Mimi," akasema Déo.

"Na tarehe hii ya Willy nani alimwandikia?"

"Mimi."

"Mwanamume mzima anakuambia mama yangu alinizaa Agosti, unamwambia mstari mrefu, shika tarehe yangu. Halafu tarehe hiyohiyo unaigeuza kamba ya kumnyongea." Sauti yake ilipanda, akaishusha kwa sababu ya jirani. "Kwa nini, Déo?"

Ni mara ya kwanza alimwita jina bila kaka mbele, na aliitamani siku hiyo kwa miaka minne. Neno lenyewe alilokuja kusema lilikuwa hapo ulimini. Akajaribu.

"Kwa sababu ulivaa hereni," akasema.

Aurore akamtazama bila kuelewa, halafu akaelewa, na kuelewa kwake kulikuwa kubaya kuliko hasira. "Ungesema," akasema. "Miaka minne ulikuwa na mdomo. Pengine ningekubali, pengine ningekataa, lakini ungesema."

Déo akatia mkono kwenye koti, akaitoa barua yake, akaiweka pembeni mwa zile mbili. Sijui hata kama aliamua. Pengine alitaka kuonewa huruma, pengine alichoka kuibeba. Aurore akaisoma yote, juu mpaka chini.

"Nikufanyie ulivyomfanyia?" akauliza. "Niifunike nusu, nimpelekee mchungaji?"

Jasho lilikuwa limelowesha kola ya shati jipya.

Aurore akaikunja barua kwa mikunjo yake ileile, akamrudishia. "Chukua. Hii ni yako, na ni nzima. Sitamwambia mtu. Willy anadhani ulimficha sababu ili asione haya, anataka kukushukuru, na mimi sina nguvu za kumweleza. Lakini Ornella hatapanda tena gari lako. Na si kwa sababu ya barua."

Alisimama, akafungua mlango, akaushika wazi mpaka Déo alipopita na chokoleti yake.

Vidole vya Willy vilirudi safi mwezi wa Mei, vya Déo wa Juni. Jumapili Aurore na mwanawe walikuja kwa basi pamoja na Willy, gitaa katikati yao. Willy alimkumbatia Déo kila alipomwona, akimwambia, "Grand, weye ni ndugu ya kweli," na Déo alisimama ndani ya mikono ile kama mti. Mwezi wa Agosti, tarehe kumi na tano, Aurore alifanya sherehe ndogo nyumbani kwake, na watu wakasimulia kanisani kwamba kulikuwa na keki kubwa yenye jina moja. Oktoba wakaoana. Katibu ndiye aliyeandika cheti, na tarehe ya kuzaliwa ya bwana harusi aliiuliza mara mbili.

Jumapili ya kwanza ya Januari ikafika tena. Déo alisoma orodha ya waliozaliwa tarehe moja, jina baada ya jina, nao wakasimama mbele. Alipofika kwa Byamungu, Willy akapaza sauti kutoka kiti cha nyuma, akicheka, "Nifute, grand! Mimi sasa niko wa mwezi wa nane!" Watu wakacheka. Déo akachukua kalamu, akalipiga mstari jina lile.

Baada ya nyimbo Mama Libérata akatoka jikoni na keki mikononi. Keki ya ndizi mbivu, si kubwa, sukari nyeupe juu. "Hii ameniachia Aurore nikupe," akasema. "Mwenyewe yuko kule anagawa pilau."

Jina juu yake lilikuwa moja tu, kama Déo alivyotaka tangu mwanzo. Kwa sukari ya buluu, kwa mwandiko safi usio na haraka, Aurore alikuwa ameandika: Ndugu Katibu. Déo akaitafuta sura yake kule kwenye pilau, akaona mgongo tu, na hereni. Akachukua kisu, akawakatia watu.